Nilimfukuza mwanangu aliponiambia ukweli. Nianzie wapi?

Swali (barua ilikuwa ndefu, nimeifupisha kwa ruhusa ya aliyeiandika):

"Bwana Yesu asifiwe, mchungaji. Mimi ni mzee wa kanisa, baba wa watoto wawili. Miezi saba iliyopita kijana wetu wa kwanza, mwenye miaka 23, alituketisha mimi na mama yake akatuambia kwamba tangu akiwa na miaka 12 anavutiwa na wanaume wenzake, kwamba ameomba na kufunga lakini hakuna kilichobadilika, na kwamba amechoka kuficha. Nilisimama, nikamwita jina ambalo siwezi kuliandika hapa, nikamwambia atoke na asirudi mpaka atubu. Aliondoka usiku uleule, na hatujazungumza tena. Mama yake anawasiliana naye kwa siri akidhani sijui. Niliwaeleza wazee wenzangu, wakaniambia nimefanya vyema, maana Paulo alisema mtu wa namna hiyo tusile naye. Kikundi cha maombi kinataka aletwe afunguliwe. Lakini usingizi siupati. Nikimrudisha kijana huyu, si nitakuwa nimebariki dhambi? Na kama ndiyo nimeshampoteza mwanangu, nitamwambia nini Mungu?"

Amina, ndugu yangu.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nimesimama mahali palepale. Tangu mwanzo unamwita "kijana". Kijana wetu wa kwanza, kijana huyu. Neno "mwanangu" limetokea mara moja tu, katika sentensi ya mwisho, ulipofika kwenye hofu ya kumpoteza. Sidhani kama ulipanga iwe hivyo.

Katika Luka 15 kuna baba mwenye watoto wawili kama wewe. Yule kaka mkubwa, akiwa amekasirika nje ya nyumba, hamwiti mdogo wake "ndugu yangu". Anamwambia baba yake, "huyu mwana wako". Baba hamgombezi; anamrudishia tu neno alilolikwepa: "huyu ndugu yako". Nisikudanganye, mfano ule haulingani na habari yenu, na nakuomba usije ukamhubiria mwanao kwa mfano huo. Yule alidai urithi akautapanya. Wa kwako hakuchukua kitu. Alikaa chini akakuambia jambo ambalo angeweza kuendelea kulificha mpaka uzee. Ninachotaka ukitazame ni yule baba. Mwana alikuwa ameyaandaa maneno yake njiani, na mstari wa 19 unayataja yote: nifanye kama mmoja wa watumishi wako. Alipofika akaanza kuyasema, ila hilo la utumishi hakulifikia, maana baba alikuwa ameshaagiza vazi, pete na viatu. Na kabla hata hajafungua kinywa, baba alikuwa ameshakimbia akamwangukia shingoni. Kumbatio lilitangulia maungamo. Wewe ulimwambia mwanao atubu kwanza ndipo arudi.

Sasa swali lako. Umeniuliza kuhusu msimamo: ukimrudisha, msimamo wako utabaki wapi? Naelewa kwa nini linakusumbua, maana wewe ni mzee wa kanisa na watu wanakutazama. Lakini hebu jiweke kwenye kiti alichokalia usiku ule. Huyu ameishi nyumbani mwako miaka 23. Amekusikia ukiomba, ukifundisha, ukizungumzia habari hizi mezani na kwenye gari. Alijua kwa uhakika unaamini nini, na ndiyo maana alikaa na siri hiyo miaka 11. Hakuna mahubiri utakayomhubiria leo ambayo hajayasikia tayari, na mengine amejihubiria mwenyewe usiku akiwa peke yake. Msimamo wako anaujua. Asichokijua, tangu usiku ule, ni kama bado ana baba. Hilo ni swali ambalo hakuna mwingine duniani anayeweza kumjibia, si mama yake, si mimi.

Kwa hiyo anza hapo. Usianze na mafundisho, usianze na masharti ya kurudi. Anza kwa kuomba msamaha kwa jina ulilomwita na kwa kumfukuza. Hayo mawili ni makosa yako, na ni makosa hata kama kila unachoamini kuhusu ndoa ni kweli. Wengi wanaona ugumu hapa: wanadhani wakiomba msamaha watakuwa wamekubali kila kitu. Sivyo. Mtu anaweza kuamini kwamba mwanawe anakosea na bado akajua kwamba yeye mwenyewe alimkosea mwanawe.

Niliwahi kukaa na baba mmoja wa namna yako. Alikuja na simu yake, akaiweka gotini, akaniomba nimsaidie kuandika ujumbe. Alianza: "Mwanangu, pamoja na kwamba sikubaliani na…" Nikamwomba afute. Akaandika: "Nakupenda sana lakini…" Nikamwomba afute tena. Tulikaa karibu saa nzima. Kila "lakini" aliyoiandika ilikuwa mlango mdogo wa kutorokea, na yeye mwenyewe alianza kuziona kabla sijasema. Mwishowe zikabaki sentensi nne. Aliutuma mkono ukimtetemeka. Jibu lilikuja siku ya tisa, maneno mawili: "Nimeuona, baba." Alinipigia akilia, akaniuliza maana yake nini. Nikamwambia maana yake ni kwamba bado anakuita baba.

Ujumbe wako unaweza kuwa hivi, kwa maneno yako mwenyewe: "Mwanangu, usiku ule nilikuita jina ambalo baba hapaswi kumwita mtoto wake, na nilikufukuza nyumbani kwako. Nilikosa, naomba unisamehe. Wewe ni mwanangu na mlango uko wazi. Si lazima unijibu sasa." Basi. Usiongeze mstari wa Biblia chini yake. Usiulize kama "bado" yuko vile. Usimwambie ni kiasi gani umeteseka. Yatakuja baadaye, akitaka kuyasikia. Kisha usubiri. Miezi saba ya kimya haifutwi na sentensi nne, na pengine hatajibu kwa wiki kadhaa, au atajibu kwa hasira. Akijibu kwa hasira, mwache aseme mpaka aishiwe. Yakobo aliposema tuwe wepesi wa kusikia na si wepesi wa kusema wala kukasirika, hakuwatoa akina baba.

Wazee wenzako wamekushika kwa 1 Wakorintho 5. Wana haki ya kuitaja, ila waisome yote. Paulo anazungumza na kanisa kuhusu mtu mmoja aliyekuwa akiishi na mke wa baba yake hadharani huku kanisa likijivuna. Halafu anatoa orodha ya watu ambao kanisa lisile nao wakiwa wanajiita ndugu: mzinzi, mwenye kutamani, mwabudu sanamu, mtukanaji, mlevi, mnyang'anyi. Mtukanaji yumo. Wakitaka kuutumia mstari huo nyumbani mwako kwa namna hiyo, ndugu yangu, wewe uliyetukana usiku ule ndiye ungekuwa wa kwanza kunyimwa chakula, kwa maana mwanao kwa maelezo yako mwenyewe alikiri mvuto tu. Hakukuambia kwamba ana mwenzi, wala kwamba amelala na mtu. Hata makanisa mengi yenye mafundisho makali kuhusu jambo hili yanatofautisha mvuto ambao mtu hakuuchagua na tendo analolichagua. Ulimhukumu kwa ambayo hukuyasikia. Mithali 18:13 ina neno kwa anayejibu kabla hajasikia, na si neno la upole.

Tena Paulo huyohuyo, akiandika kuhusu nyumba, anamwambia Timotheo kwamba asiyewatunza walio wake, hasa wa nyumbani mwake, ameikana imani. Nidhamu ya kanisa na ubaba ni vitu viwili. Mzee wa kanisa anaweza kujiuzulu. Baba hana pa kupeleka barua ya kujiuzulu.

Nikuambie na mimi nimesimama wapi, usije ukadhani najificha. Kanisa langu linafundisha kuhusu ndoa kama lako linavyofundisha, na sijaliacha. Najua Wakristo wenzetu wamefika kwingine: Kanisa la Sweden, kwa mfano, linafungisha ndoa za watu wa jinsia moja tangu mwaka 2009, na wamo humo watu wanaoisoma Biblia kwa bidii na kwa machozi. Mjadala huo sitaumaliza kwenye ukurasa huu, na wewe huhitaji kuumaliza ili umpigie mwanao simu. Hilo ndilo ninalotaka ulisikie vizuri. Makanisa yaleyale yaliyoshikilia mafundisho ya zamani yameshasema rasmi kwamba huwezi kumtupa mtu. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, iliyotoka mwaka 1992, inayaita matendo ya mapenzi ya jinsia moja kuwa kinyume cha maumbile, na katika kipengele kinachofuata, cha 2358, inaagiza watu hawa wapokewe kwa heshima, huruma na uangalifu, na kila dalili ya ubaguzi usio wa haki iepukwe. Maaskofu wa Kianglikana walipokutana katika Mkutano wa Lambeth, mkutano wao wa dunia nzima, mwaka 1998 walipitisha azimio ambalo lilikataa matendo hayo kuwa hayapatani na Maandiko, na katika azimio hilohilo wakajifunga kuwasikiliza watu wenye mvuto huu, wakatamka kwamba wanapendwa na Mungu na kwamba waliobatizwa na kuamini ni viungo kamili vya Mwili wa Kristo. Mwaka 1997 kamati ya maaskofu Wakatoliki wa Marekani iliandika waraka mzima kwa wazazi wenye swali lako, na kichwa chake tu kinatosha: hao ni watoto wetu daima. Kwa hiyo atakayekuambia kwamba kumkumbatia mwanao ni kulegeza imani, mwambie hata walioandika mafundisho hayo hawakusema hivyo.

Kuhusu kikundi cha maombi, hapa nitakuwa mkali kidogo, na nina sababu.

Miaka mingi iliyopita, nikiwa mchungaji kijana, mama mmoja alimleta binti yake wa miaka 17 kwa sababu kama yako. Tulikesha naye siku tatu. Watu kumi wakiwa wamemzunguka, mikono kichwani, sauti juu, tukimtaka aseme amefunguliwa. Usiku wa tatu akasema. Tulishangilia, tukatoa ushuhuda wake Jumapili. Nilikutana naye akiwa mtu mzima, ameacha kanisa kabisa. Aliniambia kwa utulivu, bila hasira: "Mchungaji, nilisema nimefunguliwa ili mniache nilale." Sijawahi kulisahau neno hilo. Nilimwomba msamaha, akanisamehe, na bado ninaubeba usiku ule.

Si mimi peke yangu niliyepita njia hiyo. Shirika kubwa la Kikristo lililoitwa Exodus International, lililoanzishwa Marekani mwaka 1976, lilifanya kazi miaka 37 likiwaahidi watu kwamba kwa maombi na ushauri wangeweza kubadilika. Mwaka 2012 kiongozi wake, Alan Chambers, mwenyewe akiwa mtu mwenye mvuto huo na mwenye mke, alikiri hadharani kwamba walio wengi kabisa kati ya watu aliowahi kukutana nao hawakuona mvuto wao ukibadilika. Mwaka uliofuata aliwaomba msamaha waliojeruhiwa, na shirika likafungwa. Mwaka 2009 Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani kilikuwa kimeshapitia tafiti za miongo mingi na kukuta hakuna ushahidi wa kutosha kwamba juhudi hizo hubadilisha mvuto wa mtu, na kwamba zipo dalili za madhara: sonono, kujichukia, mawazo ya kujiua. Mwanao amekuambia ameomba na kufunga. Mwamini. Ukimpeleka tena katikati ya duara la watu wakipiga kelele, utamfundisha jambo moja tu, kwamba kanisani ni lazima udanganye ili upumzike. Kikundi kikitaka kuomba, kiombe kwa ajili yako upate unyenyekevu wa kutuma ule ujumbe. Wala kisitajiwe mambo yake zaidi ya yale ambayo tayari umeyasema.

Na hilo nalo ni la kuomba msamaha. Siri ile alikupa wewe na mama yake. Uliwapelekea wazee bila kumuuliza. Najua ulikuwa umechanganyikiwa na ulihitaji mtu wa kukushika mkono, sikulaumu kwa kuhitaji. Lakini habari ya namna hii ni mali ya mwenyewe. Katika nchi zaidi ya 60 duniani sheria bado inaadhibu mahusiano ya watu wa jinsia moja, na hata pasipo na sheria hiyo mtu anaweza kupoteza kazi, nyumba au maisha kwa sababu ya neno lililotoka mdomoni mwa mtu anayempenda. Rudi kwa wale wazee, mmoja mmoja, uwaambie: nilichowaeleza kiishie kwenu. Mwanao akirudi, mwambie ni nani wanajua. Atakasirika. Ni afadhali akasirike akilisikia kutoka kwako.

Labda mstari wa barua yako uliofichika zaidi ni huu wa kukosa usingizi. Nadhani ninajua kinachokuja saa nane za usiku: nilikosea wapi? Watu wanapenda kumrushia mzazi methali ya "mtoto umleavyo ndivyo akuavyo", na zamani hata madaktari walifundisha kwamba chanzo ni baba aliye mbali na mama aliyembana mtoto. Nadharia hiyo haikuthibitika. Wataalamu hawajakubaliana juu ya chanzo kimoja. Wanachokubaliana ni kwamba watu wengi hawaoni kuwa waliuchagua mvuto wao, na Shirika la Afya Duniani liliuondoa kwenye orodha yake ya magonjwa mwaka 1990. Utawakuta ndugu wanne waliolelewa nyumba moja, kwa fimbo moja na sala moja, mmoja akiwa hivyo na watatu hapana. Kwa hiyo acha kuchimbua utoto wake ukitafuta siku ulipoharibu. Siku unayowajibika nayo ni ile moja ya miezi saba iliyopita, na hiyo inatengenezeka.

Tena iharakishe. Mtafiti Caitlin Ryan wa Chuo Kikuu cha Jimbo cha San Francisco na wenzake walichapisha mwaka 2009 utafiti wa vijana 224 wa miaka 21 hadi 25, umri wa mwanao. Wale waliokataliwa sana na familia zao walikuwa na uwezekano mara 8.4 zaidi wa kuwa wamejaribu kujiua kuliko wale ambao familia zao hazikuwakataa au ziliwakataa kidogo tu. Kilichonigusa katika kazi ya mama huyu ni kwamba mengi yaliyohesabiwa kuwa ni kukataa, wazazi wenyewe waliyafanya kwa upendo: kumzuia mtoto asione marafiki fulani, kumsihi asiwaambie ndugu, kumlazimisha abadilike ili asipotee. Na alikuta pia kwamba familia haihitaji kuacha dini yake ndipo mtoto apone. Hata kupunguza maneno na matendo ya kumkataa kunasaidia. Simaanishi kukutisha. Mama yake anayezungumza naye amuulize waziwazi, kwa upole, kama amewahi kufikiria kujiua. Kuuliza hakumpandikizii wazo hilo. Akisema ndiyo, asiachwe peke yake siku hiyo, na atafutiwe daktari au mshauri wa afya ya akili ambaye hatamgeuza mradi wa kumbadilisha.

Kuhusu mama yake. Amekuwa akizungumza na mwanawe akijificha kwako, kwenye nyumba yake mwenyewe. Mwambie leo kwamba unajua na kwamba unamshukuru. Yeye ndiye aliyeshika kamba ambayo wewe uliikata. Na mtoto wenu wa pili, ambaye hukusema lolote juu yake, anajifunza sasa hivi kitu gani kinaweza kumfanya mtu afukuzwe nyumbani. Zungumza naye pia.

Tuseme basi ameitikia, amekubali kuja. Siku ya kwanza isiwe siku ya kikao. Msipange viti. Mwache aingie kama alivyokuwa akiingia, ale, akae, aende. Kama chumba chake kimegeuzwa stoo, kisafishe kabla hajafika. Chumba kitamwambia mengi kabla yako. Akitaka kuzungumza, kazi yako ni kuuliza maswali ambayo hujui majibu yake. Uliishije miaka yote hiyo? Nani mwingine alijua? Nilisema nini zamani kikakuumiza? Swali hili la mwisho ni gumu, kwa sababu atakukumbusha utani fulani mlioucheka wote mezani, yeye akiwa na miaka 14. Usijitetee. Na neno la kumwita, tumia lile analolitumia mwenyewe. Wengine husema "gei", wengine husema tu wanavutiwa na jinsia yao, wengine hawataki jina lolote. Majina ya mitaani yale, hata kwa utani, hata asipokuwepo, yaishe midomoni mwenu.

Itafika siku atauliza kama anaweza kuja na mtu. Pengine Krismasi. Wazazi wengi hunitafuta wakiwa hapo, na hapa sina jibu moja kwa nyumba zote. Kumkaribisha mtu mezani si kufungisha ndoa. Yesu aliingia nyumbani kwa Zakayo kabla Zakayo hajaahidi kurudisha chochote, na hakuna aliyedhani amebariki ukusanyaji wa kodi wa dhuluma, isipokuwa wale walionung'unika. Kama dhamiri yako inakuambia kwamba nyumbani kwako wasiooana hawalali chumba kimoja, sawa, ila iwe ndiyo kanuni hiyohiyo kwa mtoto wako mwingine na mchumba wake, na iseme mapema, kwa simu, si mlangoni. Mwite mgeni kwa jina lake. Muulize kazi yake, wazazi wake wako hai, anaendeleaje. Huyo pia ni mtoto wa mtu, na pengine kwao hapokewi.

Harusi ndilo swali gumu kuliko yote, na nimewaona Wakristo waaminifu wakiamua tofauti. Wapo waliokwenda wakasema, niko hapa kwa sababu yeye ni wangu. Wapo ambao dhamiri haikuwaruhusu, wakamweleza mtoto ana kwa ana, miezi kabla, wakamwandalia chakula siku nyingine, na uhusiano ukabaki. Walioharibu ni wale walionyamaza mpaka siku yenyewe, au waliokwenda wakakaa wamenuna. Wewe hujafika huko. Usilipe leo deni la kesho.

Waliosoma mpaka hapa na si wazazi, bali wana rafiki, dada, mwimbaji mwenzao kwaya au mfanyakazi mwenzao, wataona mengi yanawahusu. Rafiki hana mamlaka ya mzazi, na hiyo inampunguzia mzigo: hakuna aliyekukabidhi umlee. Endelea kumwalika kama ulivyokuwa ukimwalika. Urafiki wa namna hii huwa haufi kwa ugomvi. Unakufa kwa simu ambazo zinapungua. Na kama ndugu yako habari yake ni ya jinsia yenyewe, yaani anasema yeye si mwanaume au si mwanamke kama alivyozaliwa akaitwa, hilo lina mambo yake mengine, jina jipya, mavazi, madaktari, na linastahili jibu lake lenyewe. Mwanzo wake tu ndio uleule: msikilize mpaka mwisho kabla ya kusema.

Narudi kwako. Umeuliza, ukimrudisha utakuwa umebariki dhambi? Hapana. Mlango wa nyumba si madhabahu. Kila Jumapili unawashika mkono watu ambao unajua wanachepuka, wanakopa bila kulipa, wanawapiga wake zao, na hujawahi kudhani kwamba mkono wako umewabariki. Mwanao ameshikiliwa kipimo ambacho hujamshikia mtu mwingine yeyote, na nadhani sababu si Maandiko. Sababu ni aibu. Uliogopa watu watasema nini juu ya mzee wa kanisa. Nasema hivi kwa upole, kwa sababu hofu hiyo naijua; iliniongoza mimi zile siku tatu za mkesha. Yule baba wa Luka 15 alikimbia njiani mbele ya watu wote, mtu mzima mwenye watumishi.

Inawezekana wazee wenzako watakuweka kando. Inawezekana utaombwa usiongoze ibada kwa muda. Kama hilo litakuja, lipokee bila kugombana, na usimwambie mwanao kwamba ulipoteza nafasi yako kwa ajili yake. Asije akabeba hilo pia.

Andika ujumbe huo leo, kabla ya kulala. Ukimaliza, mpe mama yake ausome kwanza. Yeye amezungumza na mtoto wenu miezi hii yote. Akikuambia neno fulani litamuumiza, lifute, kisha utume.